Nyumba iliyopakwa rangi jana: kagua haya kabla hujatoa pesa

Mimi ni fundi rangi, mwaka wa 14 huu nashika brashi Dar es Salaam. Kazi za haraka ninazoitiwa nyingi ni za nyumba zinazotaka kuuzwa. "Fundi, Jumamosi mteja anakuja, ifanye ing'ae." Kwa hiyo najua tunachofunika.

Ukifika, usigande sebuleni ulikoandaliwa soda. Nenda stoo, nyuma ya makabati, choo cha nje. Papasa ukuta kuanzia sakafuni hadi usawa wa goti. Msingi ukivuta unyevu, plasta hutoa chumvi nyeupe kama unga, nasi tunaambiwa tupige rangi ya mafuta hapo chini. Inapendeza miezi michache, kisha inavimba malengelenge. Gonga kwa ufunguo: plasta iliyoachia hulia kama debe tupu. Nyufa nyembamba kama unywele zisikutishe. Ila ufa unaoanzia kona ya dirisha na kushuka kimshazari, ukucha ukazama ndani, huo muonyeshe fundi mwashi uliyemleta wewe, si wa dalali.

Halafu tazama soketi. Kuna nyumba niliipaka Kivule, upande wa kuelekea Mto Mzinga. Soketi zote ziko usawa wa bega, na mlangoni pamejengwa kizingiti cha matofali kinachofika magotini. Mteja alisifia, akadhani ni mtindo. Nilinyamaza, na mpaka leo sijisikii vizuri. Hakuna anayepandisha soketi bure, maji yaliwafundisha.

Januari na jua lake huoni kitu. Rudi Aprili, masika yamechanganya. Kama huwezi kungoja, angalia ukuta wa jirani ambao haujapakwa, mstari wa tope hubaki. Muulize mama wa genge na bodaboda wa kijiweni, hao hawana asilimia kwenye mauzo yako. Na hata pasipofurika, sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Pima. Barabarani nako, ukiona X ya bomoabomoa ukutani, au kipande cha ukuta kimepakwa peke yake, uliza kwa nini.

Hayo ya kuta nayajua. Makaratasi ndiyo yaliniumiza.

Mwaka 2017 nilitaka nyumba yangu mwenyewe, Chanika. Ukuta niliugonga wote, mzima. Muuzaji kijana mpole, nyumba ya marehemu baba yake, barua ya serikali ya mtaa anayo, mjumbe anamfahamu. Nikatoa milioni 3 za kuishikilia. Wiki ya pili nakuta dada yake ametoka Morogoro, mtoto mgongoni. "Kaka, shikamoo. Hii nyumba hatujakubaliana kuuza."

Sikuuliza kitu kimoja tu: fomu namba 4 ya mahakama ya mwanzo, inayoonyesha nani ameteuliwa kusimamia mirathi. Nyumba ya marehemu bila msimamizi haina muuzaji, hata kama huyo kijana kazaliwa humo. Na msimamizi akiwepo, taka warithi wenzake waandike kwamba wameridhia.

Muuzaji mwenye ndoa, taka ridhaa ya mwenza wake kwa maandishi. Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu mmoja auze nyumba ya familia kimyakimya. Utaambiwa mke kasafiri. Msubiri arudi.

Kama kuna hati, omba nakala ukafanye upekuzi kwa msajili wa hati: jina ni la nani, na je, benki imeishikilia kwa mkopo? Hati huwa ya miaka 33, 66 au 99, hesabu iliyobaki. Ukipewa leseni ya makazi, kibali cha muda cha kukaa eneo lisilopangwa, hiyo si hati, na bei isifanane. Dai risiti za kodi ya pango la ardhi. Pesa ipite benki, mkataba ukiandikwa na wakili uliyemtafuta wewe mwenyewe.

Zile milioni zangu 3, mbili zimerudi kwa vipande vipande. Ya tatu, kila tukikutana stendi yule kijana ananiita "fundi wangu" na kuniahidi mwisho wa mwezi.