Choo kigumu kisichoisha: pa kuanzia, na wakati wa kumwona daktari

Si lazima kupata choo kila siku. Anayekwenda mara 3 kwa wiki, choo laini, bila kujikamua, yuko sawa. Shida ni choo kikavu cha mabonge, kukamua hadi jasho, kuhisi kuna kilichobaki, au kwenda chini ya mara 3 kwa wiki. Ikidumu miezi 3 na zaidi, hiyo ni hali sugu.

Kosa linalowakatisha wengi tamaa ni hili: utumbo umeshajaa choo kigumu, halafu mtu anarundika pumba na mboga juu yake. Tumbo linavimba, gesi inamtesa, anaacha na kusema nyuzinyuzi hazimfai. Kama choo kimekwama kwa siku kadhaa, kilichokwama kitolewe kwanza kwa dawa, ndipo chakula kibadilishwe. Jihadhari pia na choo cha majimaji kinachovuja chenyewe baada ya siku nyingi za kufunga choo. Huenda kinapita kando ya bonge lililokwama, na dawa ya kuzuia kuhara itazidisha tatizo.

Lengo la nyuzinyuzi ni gramu 25 hadi 30 kwa siku. Kikombe cha maharage yaliyopikwa kina takriban gramu 13, nusu ya parachichi 6 au 7, tufaha na ganda lake 4. Piga hesabu ya unachokula sasa, kisha ongeza gramu 5 hivi kila wiki. Plamu zilizokaushwa, gramu 50 asubuhi na 50 jioni, husaidia kwa njia nyingine pia: zina sorbitoli, kiambato kitamu ambacho hakinyonywi chote na hivyo huvuta maji kuingia ndani ya utumbo. Kunywa maji ya kutosha hadi mkojo uwe na rangi hafifu, kwa sababu nyuzinyuzi bila maji hukaza choo. Mwenye ugonjwa wa moyo au figo aulize kwanza kiasi chake.

Chakula kikiingia tumboni, utumbo mpana huamka na kusukuma, hasa asubuhi. Kwa hiyo maliza kifungua kinywa, subiri dakika 15 hadi 30, kisha nenda ukakae chooni. Weka kibao cha sentimita 20 hivi chini ya miguu ili magoti yapande juu ya nyonga, inama mbele, legeza tumbo na upumue bila kubana pumzi. Dakika 10 zikipita bila kitu, ondoka. Haja ikikujia wakati mwingine usiiahirishe, maana choo kinachosubiri huendelea kunyonywa maji.

Kabla ya kununua dawa, tazama zile unazotumia. Vidonge vya madini ya chuma, kodeini, mofini, amitriptilini, verapamili na baadhi ya dawa za kiungulia hufunga choo. Usiache mwenyewe, mwombe daktari mbadala.

Dawa ya kuanzia kwa mtu mzima ni makrogoli, gramu 17 katika glasi ya maji mara moja kwa siku, au laktulosi mililita 15 hadi 30. Zote huvuta maji na huchukua siku 1 hadi 3, kwa hiyo usiongeze dozi usiku wa kwanza. Zisipotosha, bisakodili miligramu 5 hadi 10 wakati wa kulala hufanya kazi baada ya saa 6 hadi 12. Usiimeze pamoja na maziwa wala dawa ya kiungulia. Ganda lake litayeyuka mapema na tumbo litakunyonga. Chumvi za magneziamu, ambazo nazo hulainisha choo, hazimfai mwenye figo dhaifu. Mjamzito na mtoto wapangiwe dozi na mtaalamu.

Kama umefuata yote haya kwa wiki 4 hadi 6 bila nafuu, nenda upimwe tezi ya shingo, kalsiamu na sukari. Mueleze daktari pia kama choo laini nacho hakitoki bila kukamua: huenda misuli ya njia ya haja kubwa inabana pale inapotakiwa kulegea. Hapo tiba ni mazoezi maalumu ya misuli hiyo, na dawa pekee haitoshi.

Usisubiri wiki hizo ukiona damu, ukipungua uzito bila sababu, ukiwa na upungufu wa damu, au choo kikibadilika ghafla ukiwa umevuka miaka 45. Na tumbo likivimba na kuuma, ukitapika na hata ushuzi hautoki, usimeze dawa yoyote ya kulainisha choo. Nenda hospitali saa hiyohiyo, utumbo unaweza kuwa umeziba.