SOMO: Heian Shodan na Pinan Nidan ni kata moja, tafadhali tusiulizane tena

Wakuu habari. Kwa wageni: kata ni mijongeo ya karate iliyopangwa kwa mfuatano, na dojo ni ukumbi wa mazoezi. Hii naiandika mara moja, halafu kila atakayenifuata inboksi namtupia linki naendelea na mambo yangu. Wiki hii peke yake nimeulizwa mara nne "mbona kata yetu haifanani na ya dojo la jirani, nani kakosea?" Hakuna aliyekosea. Au mnaweza kuwa mmekosea wote, ila sio kwa sababu hiyo.

Natumia Pinan, kata za wanaoanza, kama mfano maana wengi wetu tumeanzia hapo. Mimi nilikaa staili ya Shotokan miaka tisa, nikahamishwa kikazi, mji niliofikia dojo lililokuwa jirani na nyumbani ni la staili nyingine, Shito-ryu, kwa hiyo jasho nimelimwaga pande zote mbili.

Hatua ya 1. Ukihamia staili nyingine, mkanda wa zamani acha mlangoni. Ukianza na "sisi kule tulikuwa tunafanya hivi" hakuna atakayekufundisha.

Hatua ya 2. JINA. Hapa ndipo nilipoumbuka kwa hiyo someni taratibu. Pinan zipo tano (Shodan ni ya kwanza, Nidan ya pili), alizitengeneza Itosu Anko kule Okinawa mwanzoni mwa miaka ya 1900 kwa ajili ya kufundishia watoto wa shule. Mwanafunzi wake Funakoshi Gichin akahamia Tokyo 1922, na baadaye akaziita Heian. Maandishi ni yaleyale mawili ya Kichina, Okinawa wanayatamka Pinan, Kijapani cha kawaida yanasomeka Heian, na maana ni amani, utulivu. Mpaka hapo hamna shida. Shida ni kwamba alibadilisha na foleni: ile ya pili akaileta mbele kwa kuwa ni nyepesi kwa anayeanza, ya kwanza ikarudi nyuma. Kwa hiyo Heian Shodan = Pinan Nidan, na Heian Nidan = Pinan Shodan. Ya tatu, nne na tano hazikuguswa, zipo palepale.

Hiyo mimi nilikuwa siijui. Mtihani wangu wa kwanza kwenye lile dojo jipya, sensei (mwalimu) akatamka "Pinan Shodan". Nikainama, nikalirudia jina kwa sauti mpaka madirisha yakatikisika, nikageuka kushoto, gedan barai (kizuizi cha chini), ngumi, nikaenda nayo hivyohivyo hadi kiai (ukelele) ya pili, nikafunga vizuri kabisa. Ukumbi kimya. Watoto wa mkanda wa njano wamejiziba midomo. Sensei akaniuliza kwa upole, hiyo uliyopiga inaitwaje? Pinan Shodan, sensei. Akasema haya, kakae. Yaani sikufelishwa kwa kupiga vibaya, nilifelishwa kwa kupiga vizuri kata ambayo haikuitwa.

TAHADHARI: msidhani ukisikia tu neno Pinan basi umeshajua foleni yake. Wado-ryu wanasema Pinan na wamebaki na foleni ya zamani, japo mwanzilishi wao Otsuka alijifunza kwa Funakoshi huyohuyo. Kyokushin nao wanasema Pinan lakini foleni yao ni ya Shotokan, Pinan Sono Ichi ya kwao ndio Heian Shodan ya kule. Dawa yake usisikilize jina, angalia mjongeo wa kwanza kabisa. Mikono miwili ikipanda juu kwa pamoja, hiyo ni Pinan Shodan ya Itosu, yaani Heian Nidan. Mkono mmoja tu ukifanya kazi, ni ile nyingine. Shotokan huo mkono mmoja ni gedan barai, Shito na Wado ni tettsui, nyundo ya ngumi.

TAHADHARI YA PILI: mtihani ukitajiwa jina na una wasiwasi, uliza KABLA hujainama. Ukishainama umeshakubali.

Hatua ya 3. Chora embusen, yaani ramani ya nyayo, kwenye karatasi. Heian Shodan inatoka kama herufi I kubwa. Dakika tano tu.

Hatua ya 4. Stensi, yaani namna ya kusimama. Tofauti nyingi mnazoziona kwenye video zinaanzia miguuni, mikono inafuata tu. Shotokan zenkutsu (uzito mbele) ni ndefu, na kokutsu uzito unakaa kama 70 nyuma 30 mbele. Shito penye kokutsu mara nyingi utakuta nekoashi, fupi, kisigino cha mbele kimenyanyuka, karibu uzito wote upo mguu wa nyuma. Ukitoka Shotokan utaifanya nekoashi kwa urefu wa kokutsu, kila mtu anafanya hivyo, na goti la nyuma litaanza kuingia ndani. Mimi langu lilivimba wiki tatu, kupanda ngazi za kazini ilikuwa kama mzee wa miaka themanini. Goti lielekee vilipoelekea vidole vya mguu huohuo, ukiona limeingia ndani simama, fupisha, anza tena.

Halafu angalia mijongeo minne ya mwisho ya Heian Shodan. Shotokan anamaliza na shuto uke (kizuizi cha kiganja wazi) kwenye kokutsu, Shito na Wado wanashuka shiko dachi (miguu imetanuliwa) na kiganja kinafagia chini. Hapo hata video ikiwa na ukungu utajua ni nani.

Hatua ya 5. Mateke. Kwenye Heian Nidan Shotokan anapiga yoko geri keage (teke la pembeni) pamoja na uraken (pigo la mgongo wa ngumi). Shito na Shorin-ryu ni mae geri (teke la mbele) tu. Teke la pembeni limeingia kwenye kata hii huko Tokyo, kwenye ile ya Okinawa halikuwepo.

Hatua ya 6. Uliza imetoka mkononi mwa nani. Funakoshi wa Tokyo, Mabuni Kenwa aliyeenda Osaka akaanzisha Shito-ryu, na Chibana Choshin wa Shorin-ryu aliyebaki Okinawa, wote hao walikaa kwa Itosu. Mwalimu mmoja, wanafunzi watatu, kata zikatoka tatu.

Hatua ya 7. Chagua moja uipige hiyohiyo mwanzo mwisho. Ukianza na nekoashi ukamalizia na kokutsu sio ubunifu huo, umesahau.

Maswali karibuni.

---

Mkanda_Kijani: Mkuu somo zuri, sasa ipi ndio orijino?

Mleta mada: Hatua ya 6.

Mkanda_Kijani: Nimesoma mkuu ila hujasema ipi ni sahihi

Mleta mada: Ile anayokufundisha sensei wako. Ndiye atakayekusimamia mtihani, sio mimi.

Bi Saumu: Shikamoo sensei. Mwanangu yupo Shotokan, mwezi ujao ana mashindano na majaji wengine ni wa Shito. Hawatamkata alama kwa stensi ndefu?

Mleta mada: Marahaba dada, ila mimi sio sensei, ni mwanafunzi kama wengine. Usiwe na hofu. Sheria za WKF (shirikisho la karate la dunia) zinaruhusu tofauti za staili ya mchezaji, na Shotokan ni kati ya staili nne kubwa, pamoja na Shito, Goju na Wado. Jaji anatakiwa aangalie anaipiga vipi kwa mujibu wa staili yake. Cha kuzingatia ni jina atakalotangaza. Aseme Heian, asije akasema Pinan kwa sababu kasikia mwenzake kasema. Mwambie afanye mazoezi ya kutangaza jina kabisa nyumbani, watoto wanapiga vizuri halafu jina wanalimung'unya.

Bi Saumu: Ahsante sana. Na gi (vazi la karate) yake imekuwa ya njano makwapani niloweke na jiki?

Mleta mada: USILOWEKE. Kama kitambaa kina polista itazidi kuwa ya njano. Sabuni ya kawaida na limao, ianike ndani nje. Sasa turudi kwenye kata jamani.

OkinawaDamu: Tuseme ukweli tu, Shotokan waliharibu kata, ikawa maonesho ya kukaa chini sana.

Mleta mada: Funakoshi alikuwa mwanafunzi wa Itosu sawa na huyo wa kwako. Kubadilisha wamebadilisha wote, hata Itosu mwenyewe alitengeneza Pinan kwa ajili ya shule. Vita vya staili fungua uzi wako, mimi goti langu limeumia kote kote.

Fundi Baiskeli: Mimi nipo Goju, sisi mbona hatuna Pinan kabisa? Au tulinyimwa?

Mleta mada: Hahaha hamkunyimwa. Pinan ni za upande wa Shuri kwa Itosu, nyie mzizi wenu ni Naha, kwa Higaonna Kanryo, kisha Miyagi Chojun. Kata zenu za kuanzia ni Gekisai Dai Ichi na Dai Ni, Miyagi alizitunga 1940 kwa lengo linalofanana na la Itosu, kumpa anayeanza kitu anachoweza kukishika. Ukitaka mfano mtamu wa upande wenu linganisha Sanchin. Ya Miyagi ni ngumi zimefungwa, ya Uechi-ryu viganja viko wazi, huyu Uechi Kanbun alijifunza Fuzhou, China. Jina moja, kata mbili ambazo ukizitazama bila sauti utadhani hazijuani. Nyingine ni Seisan, maana yake kumi na tatu, ipo kwenu, ipo kwa Uechi, na Shotokan wameibatiza Hangetsu.

Fundi Baiskeli: Kwahiyo Hangetsu ni Seisan?? Miaka sita naipita tu kwenye video

Mleta mada: Mzizi mmoja. Ila usitegemee ifanane na ya Goju, iliyokaribiana nayo ni ile ya upande wa Shuri, Wado wanaiita Seishan. Weka hizo mbili kwenye skrini moja uangalie miguu kwanza.

Neema_Kumite: Swali langu dogo, kama Pinan Shodan ni ngumu kuliko Nidan, kwanini Itosu aliiweka ya kwanza?

Mleta mada: Swali dogo wapi, hili ndilo nililokuwa nalisubiri. Yeye hakuacha maelezo, ila fanya hivi: fungua video ya Kanku Dai, ndiyo Kushanku ya Okinawa. Kuna mahali anapiga teke na uraken, anageuka, shuto uke, shuto uke, shuto uke, ya nne nukite (pigo la ncha za vidole). Sasa fungua Heian Nidan. Kipande kilekile, mguu kwa mguu. Kushanku ndiyo kata kubwa ya zamani, kwa hiyo mimi naona anayeanza na Pinan Shodan alikuwa anameza Kushanku kipande kipande bila kujua. Funakoshi yeye alikuwa na wageni kabisa kule Tokyo, akawaanzishia nyepesi. Umesimama mkanda gani?

Neema_Kumite: Bluu. Nimeangalia sasa hivi, ni kweli!! Ila wa Shito anapiga teke la mbele

Mleta mada: Kwenye zote mbili au moja tu? Angalia Kosokun Dai, ndiyo Kushanku yao, halafu rudi uniambie.

Kaka_Jiwe: Wakuu dojo letu ni saruji tupu, kugeuka kwenye Heian Shodan unyayo unachubuka. Mnafanyaje?

Mleta mada: Fagia mchanga kwanza, mchanga ndio unaochubua. Usiburuze, punguza uzito kwenye mguu unaogeuka. Jioni maji ya chumvi.

Neema_Kumite: Zote mbili! Mae geri huku na huku

Mleta mada: Haya, sasa tafuta na ya Chibana.

Bi Saumu: Sensei samahani, nilikuwa nimeshaloweka.