Chuo binafsi Marekani: hesabu kinachobaki, si ufadhili uliopewa

Barua ikifika nyumbani imeandikwa "ufadhili wa dola 30,000 kwa mwaka", furahini. Kisha chukueni kalamu na karatasi. Mtoto hatalipishwa ufadhili, atalipishwa kinachobaki, na kwa miaka minne.

Anzeni na gharama nzima ya mwaka: ada, michango ya lazima, malazi, chakula, vitabu, nauli. Toeni pesa isiyorudishwa peke yake, yaani ufadhili na ruzuku. Hapa wengi huteleza, maana barua nyingi huweka mikopo ya serikali safu moja na ruzuku na kujumlisha vyote. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayetegemea wazazi anaweza kukopeshwa na serikali hadi dola 5,500. Mkiziona humo, zihamishieni upande wa deni. Kazi ya chuoni nayo ni mshahara, unalipwa baada ya kufanya kazi, hivyo haipunguzi bili ya Agosti.

Tuseme chuo cha kwanza ni dola 62,000 na kimetoa ufadhili wa 30,000: zinabaki 32,000. Cha pili ni 44,000, kimetoa 16,000: zinabaki 28,000. Sasa pandisheni gharama asilimia 4 kila mwaka huku ufadhili ukibaki palepale, kama ilivyo kawaida. Mwaka wa nne cha kwanza kitadai karibu 39,700, cha pili 33,500. Kwa miaka yote minne, chuo chenye ufadhili mnono kimewazidishia zaidi ya dola 20,000.

Someni masharti ya kuendelea kupewa. Wastani wa alama wa 3.0 kati ya 4.0 unaweza kuhimilika, 3.5 kwa anayesoma uhandisi ni hatari kweli. Angalieni pia idadi ya krediti, yaani vipimo vya uzito wa masomo. Kwa kawaida 12 kwa muhula ndiyo masomo kamili, na mtoto akiacha somo moja gumu akabaki na 9, ufadhili unaweza kukatika. Ulizeni: akishuka, anapewa muhula wa kujirekebisha? Na akipata ufadhili wa nje, chuo kitapunguza wa kwake?

Jazeni FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali ya Marekani, hata kama mnategemea ufadhili wa ufaulu. Wenye makazi ya kudumu na waliopokelewa kama wakimbizi, wakiwemo Wakongo wengi, wanaruhusiwa. Mwenye F-1, visa ya mwanafunzi wa kigeni, haruhusiwi.

Kuomba nyongeza si utovu wa adabu. Mwanafunzi mwenyewe aandikie ofisi ya misaada ya fedha, aambatanishe barua ya chuo kingine na aseme wazi: "Kule tumebakiwa na dola 28,000, kwenu 32,000. Mnaweza kupitia upya?" Vyuo vya Ivy League, kundi la vyuo mashuhuri kama Harvard na Yale, havitoi ufadhili wa ufaulu, kwa hiyo huko zungumzieni kipato cha familia. Andikeni mapema Aprili. Vyuo vingi vinataka malipo ya kushika nafasi ifikapo tarehe 1 Mei, na kwa kawaida hayarudishwi.