Kabla hujaweka viraka vya kerneli bila kuzima seva

Seva ninayoitunza hapa Tanga ni ya ofisi ya mawakala wa forodha, jirani na bandari. Mchana hakuna atakayekubali uizime hata dakika tano, kwa hiyo viraka (marekebisho ya kuziba mianya ya usalama) vinavyoingia kerneli, yaani kiini cha mfumo wa uendeshaji, ikiwa kazini vimenisaidia sana. Linux, mfumo unaoendesha seva hii, imekuwa na uwezo huo tangu toleo 4.0 la mwaka 2015. Lakini usikimbilie kuviweka.

Anza na amri ya systemd-detect-virt. Ikijibu lxc au openvz, seva yako ni kontena tu ndani ya mashine nyingine: kerneli si yako, ni ya mwenye mashine mama, muombe yeye. Kisha uname -r ikuonyeshe toleo. Kila kiraka hushonwa kwa toleo lake, hivyo kerneli uliyojijengea mwenyewe haitakipata. Kwa Ubuntu, ambayo ni aina ya Linux, viraka hivi huja kwa huduma yake ya Pro, na Pro ya bure inatosha mashine 5.

Sasa jambo linalowaponza wengi: kiraka hukaa kwenye RAM, hakibadilishi kerneli iliyo kwenye diski. Jioni moja umeme ulikatika, UPS ikaisha chaji, na seva ilipowaka ikarudi na kerneli ya miezi mingi nyuma. Nikaandika df -h /boot kuona nafasi ya sehemu ya diski zinapokaa kerneli, ikajibu 100%, yaani imejaa. Kerneli mpya zilikuwa zikikosa nafasi siku zote hizo, nami sikuangalia. Ruta nayo ilikuwa bado haijashika intaneti, basi viraka havikuwa na pa kupitia. Karibu saa nzima seva ikabaki wazi, na nyaraka za wateja zimo ndani.

Kwa hiyo safisha /boot kwanza, acha kerneli moja ya zamani inayowaka vizuri, sakinisha mpya. Fanya bakapu, na ujaribu kuirejesha kweli. Halafu zima na uwashe mara moja usiku, ukiwa na kibodi na skrini palepale, siyo kwa simu ukiwa mbali, mtaani Raskazone.

Viraka hivi havigusi programu nje ya kerneli, kama openssl (ya usimbaji fiche) wala glibc (maktaba ya msingi ya programu); hizo zisasishe kwa kawaida na huduma zake uziwashe upya. Ukishamaliza, uname -r itaonyesha toleo lilelile. Usishtuke, ukweli uko kwenye canonical-livepatch status, amri ya Ubuntu inayoonyesha viraka vilivyoingia.

Kwenye kalenda ya ofisi nimeandika Jumapili ya kwanza ya kila miezi mitatu, saa nne usiku: kuwasha upya. Bosi ameshakubali.