Mlamba au mdakanzi mweusi? Namna ya kuwajua

Ukipita kwenye miombo ya Mikumi au huko Iringa, ama hata pembeni ya shamba lenye miti miti, lazima utakutana na ndege mweusi tii kakaa kwenye tawi kavu, na watu wengi wanamalizia hapo hapo: mlamba huyo. Sawa, mara nyingi ni mlamba kweli, Dicrurus adsimilis, ila kuna mwingine anaitwa kisayansi Melaenornis pammelaina, huyu mie namwita tu mdakanzi mweusi, ni wa familia nyingine kabisa lakini wanakaa pori moja, saa nyingine mti mmoja, wote weusi wenye mng'ao wa bluu na wote wanakula wadudu, sasa hapo ndo kasheshe.

Kila mtu anakimbilia mkia. Mlamba mkia wake una panda na ncha zimepinda kwa nje kama mkia wa samaki, mdakanzi mkia wake umekatika karibu sawa, una kibonyeo kidogo tu katikati. Ukiuona vizuri umemaliza kazi, tatizo huo mkia ni mwongo bana. Mlamba akiwa anabadilisha manyoya panda inapotea, na watoto wake wana panda fupi, halafu mdakanzi nae akibana mkia kile kibonyeo unaweza ukaapa ni panda. Kwahiyo mkia uangalie ila usiishie hapo.

Mie naanza na jicho. Mlamba aliyekomaa ana jicho jekundu, mdakanzi ana jicho la kahawia iliyokolea ambalo kwa mbali linaonekana jeusi tu, yaani kichwa kizima kinakuwa cheusi huoni hata jicho liko wapi. Zunguka mpaka jua liwe mgongoni kwako ndo uangalie, na picha ya simu uliyozumu mpaka imepasuka usiiamini, kivulini jicho la mlamba linatoka jeusi vilevile. Ukiona wekundu huyo ni mlamba, ila kutouona wekundu bado sio ushahidi. Ukiwa na darubini cheki na mdomo: wa mlamba mnene, una kindoano nchani na vinywele vigumu kwenye shina lake, kichwa nacho kikubwa. Mdakanzi ana kichwa cha mviringo na mdomo mwembamba, mpole mpole hivi. Ukubwa wanapishana kidogo, mlamba kama sm 25 na mdakanzi kama 20, lakini akiwa peke yake juu ya mti nani atampima.

Ukishindwa yote hayo tulia umwangalie anafanya nini, na hapa ndo patamu. Mlamba ni mkorofi. Anakaa mahali peupe aonekane, anadaka wadudu hewani anarudi kwenye tawi lake, anafuata ng'ombe na moto wa nyika kwa ajili ya panzi wanaoruka, na akipita mwewe au hata tai atamfukuza huku anamdonoa mgongoni bila woga wowote. Makelele yake ni ya kukwaruza, yamechanganyika na sauti alizoiba kwa ndege wengine. Kule Kalahari watafiti wamewaona wakiwavizia nguchiro wa jangwani, nguchiro akishapata mdudu mnono mlamba anapiga ukelele wa hatari wa uongo, mwenzie anakimbia shimoni, jamaa anashuka kujichukulia, na wakianza kumzoea anabadilisha sauti anaiga ya mnyama au ndege mwingine. Tapeli kabisa.

Mdakanzi hana mambo hayo. Anakaa chini chini kwenye tawi, kimya, anatazama ardhini, akiona kitu anashuka anakiokota halafu anarudi juu, na akiimba ni vifilimbi vyembamba ambavyo usipotega sikio hutovisikia. Kuna na mabawa: mlamba akiruka juu yako, manyoya ya bawa kwa chini yanapiga weupe weupe wa majivu, ya mdakanzi weusi tu. Kiota nacho kinasaidia, mlamba anakisuka chepesi kwenye panda ya tawi, hapo wazi wazi, mdakanzi anajificha nyuma ya gome au kwenye kishimo cha mti.

Ukikuta mweusi mwenye madoa madoa ya rangi ya mchanga mwili mzima, huyo ni mtoto wa mdakanzi. Na kama uko Uganda au magharibi mwa Kenya, mdakanzi wa huko ni Melaenornis edolioides, amefifia anaelekea ujivujivu, hana ule mng'ao. Kuna pia dume la ndege mwingine, Campephaga flava, mweusi mwenye mkia wa mviringo na kona za mdomo za njano, huyu anapekua majani taratibu akitafuta viwavi, hakai kuvizia.

Ila ukiingia msitu wenyewe, Shimba Hills au Amani kule Usambara, kuwa makini maana yupo mlamba wa aina nyingine, mdogo wa umbo, Dicrurus ludwigii, mwili wake sawa na wa mdakanzi na mkia una kibonyeo tu. Huyo hapo jicho jekundu na fujo ndo vitamtaja, mkia achana nao kabisa.