Jinsi ya kuzijua waya za CAN kabla hujafunga alamu au traka

Jamani kabla hujakata waya wowote kwenye gari pima kwanza, rangi usiitegemee maana hubadilika gari kwa gari. Waya za CAN, yaani zile kompyuta za gari zinazotumia kuwasiliana, huwa mbili (CAN-H na CAN-L) zimesokotwa pamoja, na kwenye soketi ya OBD, ile ya kuchomeka mashine ya kusoma hitilafu, kawaida CAN-H iko pini ya 6, CAN-L pini ya 14. Zima gari, chomoa teminali ya betri, subiri dakika kadhaa kisha weka mita kwenye omu upime kati ya hizo mbili, ikisoma karibu 60 safi, ikisoma 120 ujue unaona rezista moja tu badala ya mbili. Halafu rudisha betri, washa swichi bila kuwasha injini, geuza mita kwenye volti (DC), pima kila waya na bodi: CAN-H inakaa juu kidogo ya volti 2.5, CAN-L chini kidogo, na namba zinachezacheza. Ikisimama 12 hiyo siyo CAN.

Ile taa ya kupimia yenye balbu usiiguse kabisa hapa, inavuta umeme mwingi na inaweza kuua kompyuta ya gari. Waya zenye kava la njano ni za eabegi mara nyingi, ziache kama zilivyo.