Peoni Yenye Majani Tele Bila Ua: Pima Kina Kwanza

Peoni, mmea wa maua wa nchi zenye baridi, huchanua mara moja tu kwa mwaka, mwishoni mwa machipuko. Mwaka ukipita bila ua, kosa mara nyingi liko ardhini: imepandwa chini mno.

Fukua udongo kwa vidole kando ya shina hadi uone macho mekundu (vichipukizi vya mwakani) juu ya mizizi. Yanatakiwa yawe sentimita 3 hadi 5 chini ya udongo, yasizidi hapo. Matandazo mazito yaliyorundikwa juu yake nayo huhesabiwa kama kina. (Peoni ya mti ni habari nyingine, hiyo hupandwa chini zaidi.)

Ikiwa imezama, ihamishe wakati wa vuli ya nchi za kaskazini, Septemba au Oktoba. Kata mashina, chimba duara sentimita 30 kutoka kwenye shina, kisha inua kwa uma wa bustani. Osha udongo, iache kivulini saa moja au mbili: mizizi minene kama mihogo ikiwa mibichi hukatika ovyo, ikinyauka kidogo hulegea. Gawa kwa kisu safi, kila kipande kiwe na macho 3 hadi 5. Shimo liwe la sentimita 45, lenye mboji, na ushindilie udongo kabla ya kupanda. Udongo uliolegea hushuka baadaye na kuyavuta macho chini, nawe ukarudi ulikotoka. Laza ufito juu ya shimo, upime kwa rula. Mwagilia. Acha mita 1 kati ya mche na mche.

Usitarajie maua mengi kabla ya mwaka wa pili au wa tatu.

Kina kikiwa sawa, tazama jua: linahitajika saa 6 kwa siku. Mbolea yenye naitrojeni nyingi, hata ile ya nyasi iliyo jirani, huzaa majani tu. Ua likinyauka likate, lakini majani yaache hadi vuli, kwani ndiyo yanayolisha macho ya mwakani. Tumba likigeuka jeusi na kuoza, huo ni ukungu wa botritisi: kata, tupa kwenye taka, usitie kwenye mboji. Sisimizi wanaotembea juu ya matumba hawana kosa, wanafuata utamu.

Na usimfungie shangazi wa Mombasa mizizi kwenye sanduku. Peoni inataka wiki kadhaa za baridi kali ili itoe maua, na Mombasa haina hata usiku mmoja wa namna hiyo.